Jiko Lisilopanda Ndege

Nililiosha mara tatu:
kwa sabuni, kwa siki, kwa maji ya moto,
nikalianika dirishani siku nne,
ingawa Valdivia mvua haina likizo.
Jiko la shaba la baba yangu, Eleuterio,
pampu yake ina kipande cha ngozi
alichokikata kwenye kiatu chake mwenyewe.
Nikanusa: sabuni.
Nikamwita jirani anuse. Sabuni, akasema,
na kwa mbali, baba yako.

Punta Arenas, uwanjani. Ndege ya kwenda Puerto Williams
ni ndogo, abiria tulipimwa pamoja na mizigo
kama viazi mnadani.
Ofisa Yasna Barría alifungua shanta langu,
akatoa soksi, kamba, mfuko wa shayiri,
akalitoa jiko,
akalipeleka puani kama anayekagua samaki wa jana,
akafumba macho.
"Linanuka."
Tangi ni kavu, nikasema,
nimelisugua hadi vidole vikachubuka.
"Sikusema lina mafuta. Nimesema linanuka.
Sheria haiulizi harufu ni ya lini."

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo si petroli,
ni Jumapili kando ya Ziwa Ranco,
mtu amepiga magoti kwenye changarawe, anapampu,
anahesabu hadi thelathini, midomo ikicheza bila sauti.
Lakini nyuma yangu palikuwa na foleni,
na rubani alikuwa akitazama mawingu, si saa.
Yasna alilifunga kwa karatasi ya kahawia, akaandika namba.

Puerto Williams, duka la vifaa. Mlangoni kibandiko:
Tumeenda kuvua kaa. Jumatano.
Ilikuwa Jumamosi.

Bi Edelmira wa nyumba ya wageni hakushangaa hata kidogo.
Alifungua kabati chini ya ngazi:
mitungi ya gesi, ishirini na kitu,
mifupi, minene, imejazana kama vifaranga,
yote imeachwa na waliokwisha kuondoka.
"Ajaye haruhusiwi kuja nao,
aendaye haruhusiwi kwenda nao.
Hapa wasiohama ni wawili: gesi na mimi."
Akajaza beseni maji, akautumbukiza mmoja.
Uliojaa huzama hadi mabegani, akaniambia,
mtupu huelea kama bata mlevi.
Wangu ulisimama upande, ukafikiri,
ukakubali kuwa nusu.
Ubavuni pameandikwa kwa wino mweusi:
Ignaz, chai tu, siku mbili.
Chini yake, kwa mkono mwingine:
Hyo-rin. Msimwamini Ignaz.
"Bei gani?"
"Utakaporudi, rudisha kilichobaki.
Kisipobaki kitu, rudisha bati. Napandia vitunguu."
Akaniazima na kichwa cha jiko, mguu mmoja umepinda.

Usiku wa pili, chini ya milima wanayoiita Meno,
upepo ukilipiga hema makofi ya mdai,
niliwasha.
Jiko la baba lilikuwa likinguruma;
hili lilinong'ona, samawati,
gesi ya watu nisiowajua ikichemsha maji yangu.
Nikajikuta nahesabu.
Thelathini nzima,
na hapakuwa na cha kupampu.

Usiku wa tatu moto ulikata kabla maji hayajachemka.
Nikayanywa hivyo hivyo, vuguvugu, na majani yake yakielea.

Niliporudi Punta Arenas, Yasna alikuwa bado zamu.
"Nililiweka nje siku saba," akasema,
"na upepo wa hapa hunyoa mbwa.
Bado."
Akaweka fomu mbili mezani.
Kuna basi la Valdivia, saa thelathini.
Kuna feri ya kusini, saa thelathini na mbili.
Nilikaa nazo kwenye kiti cha plastiki
mpaka abiria wa ndege yangu wakaanza kuitwa.

Kisha nikaomba kalamu ya wino mzito.
Kwenye karatasi ya kahawia niliandika:
Bi Edelmira, kabati chini ya ngazi.
Na kwenye shaba yenyewe, ubavuni:
Pampu thelathini. Usizidishe.